Rubani wa Shambani na Rubani wa Abiria

Hapa visiwani, mtu akitaja rubani, fikra za wasikilizaji huenda moja kwa moja kwenye shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, kofia yenye nembo, na ndege kubwa inayotua Kisauni ikiwa imejaa abiria. Ni wachache mno wanaomfikiria rubani wa pili, yule anayeamka kabla ya alfajiri katika kiwanja cha nyasi, akavaa kinyago cha kuzuia sumu, akasimamia tangi lake likijazwa dawa ya kuulia nzige, kisha akaruka kwa kimo kisichofika kilele cha mnazi. Tunaona kwamba rubani huyu amesahauliwa katika mazungumzo yetu na, jambo lililo baya zaidi, amesahauliwa katika mipango yetu. Kwa hiyo leo tunaomba ruhusa ya wasomaji kumzungumzia kwa kirefu.

Tumeamua kulitazama jambo hili kutokea Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha. Huenda msomaji wa Mkoani au wa Makunduchi akauliza ana uhusiano gani na nchi hiyo ya mbali yenye baridi. Uhusiano upo, tena si mdogo. Ngano, maharage na mbaazi hulimwa katika nyanda za Karatu, na vitunguu vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vimepata jina katika masoko ya nchi. Ndege nyingi kati ya zile ndogo ambazo wananchi wa Unguja huziona zikiondoka na watalii, safari zake huishia huko huko, katika kiwanja cha Manyara au viwanja vya Serengeti. Na Shirika letu la Ndege lilipoanza kupokea ndege mpya aina ya Airbus A220, moja ilipewa jina la Ngorongoro, na nyingine iliyofika mwaka 2021 ikapewa jina la Zanzibar. Basi majina hayo mawili yamekwisha kuwa ndugu angani. Yaliyobaki ni wananchi wake kujuana ardhini.

Kiwanja cha ndege cha Manyara kimejengwa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ziwa likionekana chini kama sahani ya fedha, na barabara itokayo Mto wa Mbu ikipanda ukingo huo kwa kujikunjakunja. Hapo ndipo marubani wa ndege ndogo hungojea abiria wao warudi kutoka Ngorongoro, na mahali rubani anapongojea ndipo hadithi zinapozaliwa. Mazungumzo yao yana desturi yake, kama yalivyo ya manahodha wa majahazi pale Malindi. Nahodha aliyevuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi haanzi kwa kuueleza upepo. Huanza kwa kueleza shehena aliyopakia na mabaharia aliokuwa nao, na upepo huja baadaye, wakati chai imekwisha kupoa. Rubani naye ni hivyo hivyo. Huanza na ndege aliyorusha, mwaka na mzigo. Kisha huja hatari. Na asiyetia chumvi kidogo huonekana mgeni barazani.

Lakini ukiiondoa chumvi, kinachobaki ni elimu. Tuchukue suala la hewa peke yake. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na joto la mchana likizidi, huzidi wepesi. Karatu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Ndege inayoinuka Kisauni kwa urahisi, pale ambapo bahari iko karibu kuliko mlima, itahitaji njia ndefu zaidi huko Manyara kwa mzigo ule ule, kwa sababu mashine yake hupumua hewa pungufu na mabawa yake hushika hewa pungufu. Rubani aliyezoea pwani asipolikumbuka hilo, ataliona bonde mbele yake kabla magurudumu hayajaiacha ardhi. Ndiyo maana wazee wa kazi husafiri asubuhi, hupima mafuta kwa makini, na hawaoni haya kumwacha abiria au mzigo nyuma.

Halafu kuna ukungu. Pepo zinazotoka upande wetu wa Bahari ya Hindi husafiri na unyevu wake juu ya nyika, zikafika katika milima ya Ngorongoro, zikalazimika kupanda, na zikipanda hupoa na kuwa mawingu. Kwa sababu hiyo msitu wa ukingo wa mashariki huwa umefunikwa asubuhi nyingi, ilhali chini katika sakafu ya Kreta, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, jua linawaka na nyumbu wanakula nyasi kwa raha yao. Tofauti baina ya ukingo na sakafu ni kiasi cha mita 600. Rubani anayeuona weupe mbele yake hawezi kujua kwa macho kama ni wingu tupu au ni wingu lililouvaa mlima. Tarehe 15 Novemba 2017, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyokuwa njiani kwenda Serengeti ilianguka katika eneo la Empakaai, ndani ya Ngorongoro, na watu wote 11 waliokuwamo wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo marubani wa njia hiyo hawaitaji Empakaai kwa mzaha.

Hadithi iliyo kongwe kuliko zote huko ni ya kijana wa Kijerumani, Michael Grzimek. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuibadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, na hakuna mtu aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Baba na mwana walijifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo moja, wakanunua ndege aina ya Dornier Do 27 yenye uwezo wa kuruka polepole na kutua mahali padogo, wakaipaka milia ya pundamilia, kisha wakaiongoza wenyewe kutoka Ujerumani mpaka Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa mwaka 1958 waliigawa nchi kwa vipande, wakapita juu ya kila kipande wakihesabu. Hesabu yao ilitoa wanyama 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Wenye kujua wanasema nyumbu wa leo wamepita milioni moja, hasa baada ya maradhi ya sotoka kutoweka. Lakini huo ulikuwa mwanzo wa kuhesabu kwa ndege katika nchi hiyo, na njia yao, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo iliyofuatwa baadaye.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi aligonga bawa la kulia, bawa likapinda na nyaya za kuongozea ndege zikakwama. Alikuwa na umri wa miaka 24. Lugha yetu imewapa jina moja kile kiumbe na ile mashine, na siku ile ndege kwa ndege walikutana. Alizikwa siku hiyo hiyo juu ya ukingo wa Kreta, na jiwe la kaburi lake lipo kando ya njia mpaka leo. Baba yake alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa papo hapo. Filamu waliyoitengeneza juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, wakati mwana amekwisha kulala Ngorongoro zaidi ya mwaka mmoja.

Sisi tunaiheshimu kazi ya watu hao, lakini hatuoni dhambi kuongeza neno. Mtu aliye angani huona mengi, na yapo asiyoyaona. Huona makundi ya nyumbu, haoni sababu ya mzee wa Kimasai kulipitisha kundi lake la ng'ombe katika njia hii na si ile. Katika mwaka ule ule wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakaondolewa upande mmoja kwa ahadi ya kuishi upande wa pili, suala ambalo halijaacha kuzungumzwa mpaka leo. Vivyo hivyo, kule Basotu, wilayani Hanang, si mbali sana na Karatu, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalipofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, nchi ile ilipotazamwa kwa juu ilionekana tupu, bapa, na inayofaa trekta. Chini yake yalikuwa malisho na makaburi ya Wabarabaig. Ofisa anayepanga matumizi ya ardhi kwa kupita juu yake kwa ndege afadhali ateremke, anywe maziwa na wenyeji, ndipo atie sahihi.

Sasa tumrudie rubani wa shambani, ambaye ndiye hasa aliyetushughulisha.

Kazi yake haifanani na ya mwenzake wa abiria hata kidogo. Wa abiria hutafuta utulivu: kimo kikubwa, njia iliyonyooka, vyombo vinavyomsaidia, msaidizi kando yake. Wa shambani hufanya kazi mahali ambapo wengine wote wamefundishwa kupakimbia, yaani karibu na ardhi. Akinyunyizia zao hupita mita 2 au 3 juu ya masuke, akifika mwisho wa shamba huivuta ndege juu ya miti, huigeuza kwa duara la kubana, huirudisha katika mstari wa pili, na hivyo hivyo mara mia kwa asubuhi moja. Nyaya za umeme hazionekani mpaka zimekuwa karibu mno. Upepo ukivuka kiasi fulani hana budi kuacha, maana dawa itakwenda kwa asiyehusika. Jua likishapanda, hewa iliyopata moto hupanda nalo na kuichukua dawa juu badala ya kuiacha ishuke. Kwa hiyo kazi yake ni ya alfajiri na ya magharibi, saa za sala, kama alivyozoea kusema mwalimu mmoja wa madrasa kuhusu wavuvi.

Mbinu ya kutumia dawa kidogo sana ilikuzwa kwa kiasi kikubwa katika vita dhidi ya nzige katika sehemu hii ya dunia. Badala ya kuchanganya dawa na maji mengi, rubani hubeba dawa yenye asili ya mafuta, vifaa vilivyo chini ya mabawa huikatakata iwe matone madogo mno, na lita moja au pungufu hutosha hekta nzima. Pasipo mbinu hiyo ndege ndogo isingeweza kufanya lolote mbele ya kundi la nzige, kwani uzito wa maji peke yake ungeimaliza nguvu.

Nzige ndio waliomrudishia rubani huyu heshima, ingawa kwa muda mfupi. Aliyepita chuoni anafahamu kwamba nzige wametajwa katika Qur'ani miongoni mwa ishara alizoletewa Firauni. Walioishuhudia mwaka 2020 nchi ya Kenya hawakuhitaji tafsiri. Chanzo cha baa lile kilikuwa karibu na ndugu zetu wengi kuliko wanavyodhani: mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilinyesha katika Dhofar na jangwa la Rub' al-Khali mvua ambayo jangwa lile haliizoei. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaana bila ya mtu kuwaona kizazi baada ya kizazi, kisha wakavuka kwenda Yemen, Somalia na Ethiopia, na mwisho wa mwaka 2019 wakaingia Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2021 makundi yao yalifika kaskazini mwa Tanzania, katika wilaya za Mwanga, Siha, Longido na Simanjiro. Kilomita moja ya mraba ya kundi zito inaweza kuwa na nzige milioni 80, nao hula kwa siku moja chakula kinacholingana na cha watu 35,000. Husafiri na upepo, hata kilomita 150 kwa siku. Mbele ya adui wa namna hiyo, mkulima mwenye bomba la mgongoni ni kama mtu anayekausha bahari kwa kata.

Dawa ya nzige ni ndege, tena ndege inayofika kwa wakati. Kundi hulala juu ya miti usiku, na asubuhi husubiri jua liwapashe moto mabawa kabla ya kuruka. Rubani ana saa chache tu hapo katikati. Akichelewa, atakuta matawi yaliyovunjika na jirani wa wilaya ya pili akipiga simu.

Nchi za sehemu hii zililijua hilo mapema. Mwaka 1962 ziliunda Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ni mwanachama pamoja na Kenya, Uganda, Ethiopia na nyinginezo, na ambalo ndege zake huwekwa Nairobi. Shirika hilo limefanya kazi kubwa kwa nzige, kwa viwavijeshi na kwa kwelea kwelea. Lakini shirika la mataifa huishi kwa michango ya wanachama, na michango ya wanachama, katika miaka ambayo nzige hawaonekani, huchelewa. Hili ni la kawaida kwa binadamu: hakuna anayeezeka paa wakati wa kiangazi. Rubani na fundi, hata hivyo, hawawezi kuwekwa kabatini kwa miaka 10 na kutolewa siku kundi linapotokea. Ndege isiporuka huoza. Rubani asiporuka hupoteza mkono wake, na cheti chake humalizika.

Kwelea kwelea ni adui wa kila mwaka. Ndege huyu ni mdogo kuliko shomoro, na hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabu hiyo huchekesha mpaka mtu atakapoambiwa kwamba kundi la milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwa kwelea kwelea, humaliza tani 10 kila siku ya Mungu. Wakulima wetu wa mpunga wa Cheju wanaijua kazi ya kuamia ndege, watoto wakipiga kelele na kurusha mawe toka alfajiri. Basi waizidishe kazi hiyo mara elfu kwa mashamba ya ngano, mtama na mpunga ya Bara. Kwelea kwelea hulala pamoja katika matete au miti ya miiba, na rubani huwaendea magharibi, wanaporudi kulala, wakati mwanga unakwisha na uwanja wake wa kutua umekwisha kuwa giza. Wengi wa marubani wa kunyunyiza, wakiulizwa ni kazi ipi walioiogopa, hawatatulia kwenye nzige. Watataja matete ya kwelea kwelea.

Tena sumu yenyewe ni kali. Dawa iliyotumiwa kwa miaka mingi, iitwayo fenthion, hushambulia mishipa ya fahamu, na haichagui. Mwewe, bundi na korongo wanaookota ndege waliokufa hufa nao. Na wapo binadamu wanaookota pia: Kondoa, kwa mfano, kwelea kwelea ni kitoweo cha siku nyingi, na wananchi wa huko huwanasa kwa makundi kwa mitego na nyavu. Mtu asiyejua kwamba matete yale yamenyunyizwa jana atabeba kikapu chake kama kawaida. Je, nani alikuwa na wajibu wa kumwambia? Tunaliuliza swali hili kwa maofisa wa kilimo, afya na tawala za wilaya, kwa sababu rubani hawezi kuteremka kwenda kupiga mbiu. Na ule ujuzi wa Kondoa wa kuwanasa hai, ambao haudhuru mwewe wala kisima, unastahili kupata fedha walau kidogo katika zile zinazonunua sumu.

Kwa bahati njema sisi wa visiwani tunao mfano wa ndege iliyonyunyiza kitu kisichokuwa sumu, na tunashangaa kwamba vijana wetu wengi hawaujui. Mbung'o waliitesa mifugo ya Unguja kwa vizazi na vizazi. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa na mitego ikatundikwa msituni ili kuwapunguza wadudu hao. Kisha, kuanzia mwaka 1994, mbung'o madume waliofugwa katika taasisi ya utafiti ya Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, walipakiwa katika visanduku, wakarushwa kwa ndege ndogo juu ya msitu wa Jozani na sehemu nyingine za kisiwa. Kila wiki makumi ya maelfu ya madume hao waliachiliwa. Jike akipandwa na dume tasa hazai, na kwa kuwa jike wa mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu katika uhai wake, kizazi hukatika. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwezi Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imetakasika. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisaidia, wataalamu walitoka pembe nyingi. Lakini bila ya rubani kuipitisha ndege yake katika mistari ile ile, kwa kimo kile kile, wiki hata wiki, hesabu zote za maabara zingebaki karatasini.

Hiyo ni kazi isiyokuwa na hadithi ya kusisimua. Hakuna tumbusi, hakuna dhoruba. Ni mstari baada ya mstari. Marubani wa mashirika makubwa huitikia kwa kichwa tu wanapoisikia, kisha husimulia ya kwao, na tunakiri kwamba ya kwao husikilizika zaidi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, likakua mpaka kumiliki ndege za Super VC10 zilizofika Ulaya, na mwanzoni mwa mwaka 1977 likafa pamoja na Jumuiya. Tarehe 11 Machi 1977 Tanzania iliunda shirika lake. Marubani wa wakati ule walijikuta wana nchi moja, ndege chache, na abiria wale wale. Kisha likaja la tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya shirika letu iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilipotekwa na vijana wenye silaha, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka Stansted nchini Uingereza, rubani msaidizi akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Ndege ile ilikuwa ya safari fupi za nyumbani. Kuifikisha Ulaya na abiria wakiwa hai haikuwa kazi ya mtu wa mchezo.

Kijana anayesikia hayo yote, atachagua lipi? Bila shaka atachagua shati jeupe. Hatumlaumu. Kwa kanuni za kimataifa, cheti cha rubani wa biashara huhitaji kiasi cha saa 200 za kuruka, na cheti cha juu cha kuongoza ndege za mashirika huhitaji saa 1,500. Zile saa zilizo baina ya 200 na 1,500 ndizo jangwa analolivuka kila rubani kijana. Baadhi hulivuka kwa kubeba watalii baina ya Zanzibar, Arusha, Manyara na Serengeti. Zamani wapo waliolivuka kwa kunyunyiza dawa, na kila mstari wa ngano ulikuwa dakika mbili katika daftari lao la saa. Kwa hiyo unyunyizaji uligeuzwa kuwa ngazi: mtu hupanda, hufika juu, huisukuma. Aliyejifunza kuusoma upepo wa Karatu kwa kutazama moshi wa jikoni na mwelekeo wa masuke anaondoka na elimu hiyo, na anayefuata huanza upya.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwamba jambo hili ni la soko tu na litajirekebisha. Soko humlipa rubani kwa kadiri ya abiria walio nyuma yake. Nzige hawakati tiketi. Faida ya mnyunyizaji ni mavuno ambayo hayakuliwa, na mavuno ambayo hayakuliwa hayana mtu wa kuyaandikia hundi, isipokuwa serikali. Ikiwa tunamwajiri bwana shamba, tukampa pikipiki na mshahara wa kudumu ili awatembelee wakulima hata katika mwaka usiokuwa na ugonjwa, hatuoni kwa nini rubani wa kilimo asihesabiwe kuwa bwana shamba wa angani, mwenye cheo kinachojulikana, posho ya hatari, na haki ya kupimwa damu yake kila msimu, kwani dawa anazozishika huacha alama ndani ya mwili kabla ya yeye mwenyewe kujihisi mgonjwa.

Wapo watakaosema ndege zisizo na rubani zimekwisha kuja na zitayamaliza haya. Sisi tunazifurahia, na kwa matete ya kwelea kwelea ambayo eneo lake ni dogo zinaweza kumwondolea binadamu ile hatari ya magharibi. Lakini ile midogo yenye tangi la lita chache haiwezi kulifuata kundi la nzige kutoka Longido mpaka Simanjiro. Na hata mashine hiyo humtaka mtu anayeujua upepo.

Suala la mafunzo ni zito na lina gharama. Mwaka 1971 Jumuiya ya kwanza ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, na vijana wa nchi zote tatu walisoma pamoja. Jumuiya ilipovunjika chuo kilibaki kwa wenyewe. Siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam kimewekwa kuwa kituo cha umahiri katika mambo ya usafiri wa anga, nasi tunalipokea jambo hilo kwa furaha. Tunaomba tu kwamba, mitaala inapoandikwa, somo la kunyunyiza lisiachwe nje kana kwamba ni kazi ya watu wa chini, na kwamba nafasi za masomo zitangazwe katika skuli za Unguja na Pemba wakati ambapo fomu bado zinapokewa, si baada ya kufungwa.

Maofisa wa Karatu nao tunawatumia ombi letu kwa heshima. Nafaka inapokaribia kukomaa na habari za kwelea kwelea zinapoanza kufika, vijiji vilivyo karibu na mahali patakaponyunyizwa vijulishwe siku na saa, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, kwa redio, misikitini, makanisani na mnadani. Wafuga nyuki waifunike mizinga yao au kuihamisha. Visima vya wazi vifunikwe. Na wachungaji wa Ngorongoro, ambao ng'ombe wao huvuka mpaka wa wilaya bila ya kuuona, wapelekewe mtu wa kuwaambia kwa mdomo, kwa lugha yao, angalau siku mbili kabla ya ndege kujaza tangi.